Pampu ya Jirani Ikilia Alfajiri

Siku hizi bustani nyingi za mboga zinamwagiliwa kwa pampu za petroli. Tunaziona kandokando ya Ziwa Victoria, katika bonde la mto Ruvu, na kule Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu. Pampu imewapunguzia watu kazi ya kubeba ndoo. Nyanya, mchicha na kabichi vinapatikana hata wakati wa kiangazi. Tunaanza na jambo hili kwa makusudi, maana mtu anayelalamikia kelele za pampu mara nyingi ni yule yule anayenunua mboga hizo.

Lakini kelele ipo, na si ndogo. Mwenye bustani anawasha mashine saa 10 alfajiri. Nyumba ya jirani iko hatua 20 tu. Mtoto mchanga anashtuka, mgonjwa hapati usingizi, mwanafunzi anakwenda shuleni akisinzia. Wiki ya kwanza jirani ananyamaza. Mwezi wa pili hawasalimiani. Halafu siku moja mpira wa pampu unakutwa umekatwa kwa panga. Sasa aliyekuwa anadai haki yake amekuwa mharibifu wa mali, na kesi imemgeukia yeye. Basi tuone jambo hili lilivyo kabla halijafika huko.

KELELE INATOKA WAPI?

Injini inafanya kazi kwa milipuko. Petroli inalipuka ndani ya silinda, na moshi unatoka kwa nguvu. Injini ndogo ya mizunguko minne ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, inalipuka mara 1,800 kwa dakika hiyo hiyo. Yaani mara 30 kila sekunde! Kila mlipuko unasukuma hewa, na hewa inasukuma ngozi ya sikio letu. Hiyo ndiyo sauti.

Kazi ya sailensa ni kuutuliza moshi huo kabla haujatoka nje. Sailensa ikioza au ikitoboka, kelele inakuwa nyingi sana. Wengine huing'oa kabisa wakidhani mashine itapata nguvu. Wanachopata ni kelele. Fundi wa pikipiki anaweza kuziba tundu la sailensa kwa muda mfupi, na bolti zilizolegea mwenye pampu anaweza kuzikaza mwenyewe kwa spana. Mashine ikiwekwa juu ya bati au ubao mtupu, bati nalo linatetemeka na kupiga kelele zake. Iweke juu ya udongo ulioshindiliwa, na chini yake kipande cha tairi kuukuu. Pia si lazima injini ipelekwe kwa mwendo wa mwisho kila siku. Kama bustani ni ndogo na maji yanatoka ya kutosha, punguza mafuta. Utaokoa na petroli.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, kama vile uzito unavyopimwa kwa kilo. Watu wawili wakizungumza kwa kawaida, sauti yao ni kama desibeli 60. Mashine ya petroli, ukiwa karibu nayo, huweza kufikia 90 na kuzidi. Mahali pa wazi, kila umbali unapokuwa mara mbili, sauti hupungua kama desibeli 6. Na sauti ikipungua desibeli 10, sikio letu huisikia kama imekuwa nusu. Kwa hiyo pampu iliyo hatua 20 kutoka nyumbani ikisogezwa hadi hatua 60, jirani ataisikia karibu nusu ya ilivyokuwa. Hakuna kilichonunuliwa hapo, isipokuwa pengine mpira kidogo.

Hapa pana jambo la kuangalia. Pampu haiwezi kukaa mbali na maji. Mpira wa kufyonzea hauvuti vizuri maji yakiwa chini sana. Kwa kawaida mwisho wake ni kama mita 7 kwenda chini. Basi tusiseme tu "ipeleke mbali". Tuseme isogezwe kufuata ukingo wa mto, na mpira wa kusukumia ndio uwe mrefu. Mpira ni ghali, tunajua. Lakini jirani akichangia mita chache, ameununua usingizi wake kwa bei nafuu kuliko kesi.

Kama pampu haina pa kusogea, geuza tundu la moshi litazame mtoni, lisitazame nyumba. Kisha jenga kinga ya magunia ya mchanga au ya matofali upande wa nyumba, karibu na mashine, ipite kimo cha injini. Ukisimama mlangoni kwa jirani na bado unaiona pampu, kinga hiyo ni fupi. Ua wa michongoma unapendeza, lakini sauti hupita katikati ya majani kama hakuna kitu. Acha nafasi ya kutosha ya hewa kuzunguka injini, na tafadhali sana, usiifungie pampu ndani ya kibanda. Injini itachemka, na moshi wa petroli una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Huua mtu.

Watu huuliza, mbona mchana kelele hiyo hiyo haisumbui? Mchana yako makelele mengine mengi, na jua likiipasha moto ardhi sauti hupinda kwenda juu. Usiku ukiwa shwari, hewa ya chini hupoa kuliko ya juu, nayo sauti hupinda kurudi chini, ikafika mbali. Pampu ni ile ile. Hewa ndiyo iliyobadilika.

ANAYEUMIA KWANZA

Mara nyingi mwenye pampu hudhani kelele ni shida ya jirani. Kumbe aliye karibu zaidi na mashine ni yeye mwenyewe, au kijana wake anayeishika. Wataalamu wa afya kazini wanashauri mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: desibeli 88 saa 4, desibeli 91 saa 2 tu. Nani ana kipimo kijijini? Tumia hiki: kama mwenzako yuko umbali wa mkono mmoja na inakubidi upaze sauti ndipo akusikie, kelele hiyo imefika kiwango cha kuumiza.

Ndani kabisa ya sikio zimo chembe zenye vinyweleo vidogo sana. Zikifa kwa kelele, hazioti tena, wala hakuna dawa ya kuziotesha. Zinazotangulia kupotea ni sauti nyembamba. Mtu anasikia kwamba unasema, lakini hashiki maneno. Unamwambia "sisi", yeye anasikia "fisi". Watu wanacheka, lakini mzee huyo anaanza kuukwepa mkutano. Pamba ya kawaida masikioni haisaidii sana. Vinavyofaa ni viziba masikio vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, pamoja na kusimama mbali mashine ikishawaka.

NENDA UKASEME NAYE

Habari hii ya masikio ni njia nzuri ya kuanzia mazungumzo. Nenda mchana, mashine ikiwa imezimwa, na uwe umefikiri la kupendekeza. Mama mmoja akimwendea mzee mwenye bustani, anaweza kusema hivi:

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri baba. Nimekuja tuongee habari ya pampu. Mboga zako tunazila, hatutaki zikauke. Ila ikiwaka alfajiri mtoto halali tena mpaka kunakucha. Je, tukiisogeza kule kwenye mwembe, mpira utafika?"

Msikilize naye. Alfajiri anaiwasha kwa sababu: jua halijawa kali, maji hayapotei hewani, na gari la sokoni linaondoka mapema. Pengine zamu yake ya maji ndiyo hiyo. Njia moja ni kuvuta maji jioni mapema, kujaza pipa au shimo lililotandikwa nailoni, na alfajiri kumwagilia kwa keni bila mashine. Kazi ya mikono inaongezeka, hatufichi. Kwa bustani kubwa sana haifai. Pampu ya kukanyaga kwa miguu au ya umeme wa jua haina kelele hiyo, ila bei ya ile ya jua si ya kila mtu.

Asipokubali, shika kalamu. Kwa wiki mbili andika kila siku: tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima. Usiandike "kila siku usiku kucha" kama si kweli. Karatasi hiyo mpelekee mwenyekiti wa kitongoji, halafu Afisa Mtendaji wa Kijiji. Ikishindikana lipo Baraza la Kata. Sheria iliyoliweka, ya mwaka 1985, inasema kazi yake ya kwanza ni kuleta amani kwa kusuluhisha. Juu ya hapo ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza kelele kupita viwango, na kanuni za viwango hivyo zilitolewa mwaka 2015.

Kama pampu ni nyingi na wanaolalamika ni wengi, kugombana mmoja mmoja hakutamaliza. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo ya saa za kuwasha mashine. Halmashauri ya kijiji inaiandaa, mkutano mkuu wa kijiji unaijadili, na halmashauri ya wilaya inaipitisha. Wenye bustani nao wahudhurie, wasije wakapangiwa saa ambazo nyanya haziwezi kungoja.

Mkipatana wawili, andikeni. Maneno machache yanatosha: "Sisi majirani tumepatana. Pampu haitawashwa kabla ya saa 12 asubuhi wala baada ya saa 1 usiku. Siku ya zamu ya alfajiri, mwenye pampu atamwarifu jirani jana yake. Mpira wa kuongezea tumeununua nusu kwa nusu." Wekeni tarehe na sahihi, na shahidi mmoja kila upande. Nakala moja ya mwenye pampu, ya pili ya jirani, ya tatu ikae kwa Afisa Mtendaji.