Ekstensheni 214 Haipokelewi

Tuseme ni saa tano asubuhi. Mnunuzi wa mafuta ya alizeti yuko Dar es Salaam na anapiga simu ya mezani ya kampuni moja ya Utemini, Manispaa ya Singida. Anaanza na 026, msimbo ambao Singida inautumia pamoja na Dodoma, Iringa na Tabora. Mapokezi wanamuunganisha na ekstensheni 214, meza ya ofisa mauzo. Inaita mara nne na hakuna anayepokea, maana ofisa yuko stoo anahesabu madumu. Mtambo wa simu wa ofisi, ule ambao mafundi wanauita PABX, unaihamishia simu hiyo kwenye kinasa ujumbe.

Kinasa kinapokea, lakini kwa upande wake kilichotokea ni kwamba laini imeita, basi. Hakijui simu ilikuwa ya nani. Hakijui kama imeletwa kwa sababu mwenye meza hakupokea, au alikuwa anaongea na mtu mwingine, au ni yeye mwenyewe amepiga ili asikilize ujumbe aliowekewa. Simu hiyo ni kifurushi kilichoshushwa stendi bila jina la mpokeaji.

Kampuni ikitangaza kuwa imebadilisha mfumo wake wa ujumbe wa sauti, wengi hufikiria sauti safi zaidi na nafasi kubwa zaidi ya kuhifadhi. Hayo ni mepesi. Penye kazi, na ndipo mitambo mingi mipya inapoumbuka wiki ya kwanza, ni kuifanya PABX na kinasa vielewane: nani katafutwa, nani anamtafuta, na kwa nini simu imefika huku.

Wazo lenyewe lina umri wa kutosha. Mmarekani Gordon Matthews aliomba hataza ya mfumo wa ujumbe wa sauti wa maofisini mwaka 1979, akapewa mwaka 1983. Kampuni yake ya VMX ilikuwa Texas, na mteja wake wa kwanza alikuwa 3M. Mwaka 1982 Bob Cohn na Peter Olson walianzisha Octel kule California, na sehemu kubwa ya mafanikio ya Octel ilitokana na kinasa chao kuweza kuelewana na PABX za watengenezaji tofauti. Huku kwetu miaka hiyo shida haikuwa kinasa, shida ilikuwa laini. Watu walikaa foleni kuisubiri kwa Posta na Simu, na TTCL ilipozaliwa mwaka 1994 iliirithi foleni hiyo. Mwaka huohuo Mobitel ikaingia na simu za mkononi, na habari ikageuka kabisa.

Lugha ya kwanza kati ya PABX na kinasa ilikuwa milio. Kinasa kikishapokea, kabla mpigaji hajaunganishwa, PABX ilikitumia toni zilezile tunazozisikia tukibonyeza namba. Kila kitufe ni masafa mawili yanayolia kwa pamoja. Namba 2 ni hezi 697 na 1336, namba 1 ni 697 na 1209, namba 4 ni 770 na 1209. Kwa hiyo 214 ilisafiri kwenye waya kama milio mitatu ya sauti mbilimbili, ikitanguliwa na tarakimu chache za kueleza sababu. Ndani ya kinasa kulikuwa na saketi ambayo kazi yake pekee ni kuyategea masikio masafa hayo. Mpigaji aliambulia ukimya wa sekunde moja au mbili, mara nyingine na mkia wa mlio. Laini ikiwa na kelele mlio mmoja unapotea, 214 inakuwa 24, na mnunuzi wa watu anaambiwa ekstensheni hiyo haipo.

Kurudisha habari nako kulikuwa vilevile. Ili kuwasha taa ndogo nyekundu kwenye simu ya ofisa, kinasa kilishika laini mojawapo kama mtu anayetaka kupiga, kikabonyeza msimbo maalumu na 214, kisha kikakata. Laini zote zikiwa na watu, taa ilisubiri. Na kwenye simu nyingi za analojia taa yenyewe ilikuwa ya gesi ya neoni, inayotaka karibu volti 90, wakati laini ya kawaida inalishwa volti 48. PABX ikawa inahitaji kadi ya ziada kwa ajili ya taa tu! Ofisi zisizotaka gharama hiyo ziliridhika na toni ya kukatikakatika unapoinua mkono wa simu.

Lugha ya pili ilitenganisha sauti na maelezo. Sauti ilibaki kwenye laini zake, maelezo yakapewa kebo yake ya data kutoka PABX hadi kwenye kinasa. Kwenye kebo hiyo ulipita mstari mfupi wa herufi: simu inaingia poti namba tatu, ilikuwa ya 214, imetoka namba fulani, sababu N, yaani haikupokelewa. Herufi B ilimaanisha mwenye meza anaongea, na D kwamba mpigaji amekipigia kinasa moja kwa moja. Kasi ya kawaida ilikuwa biti 1,200 kwa sekunde, kasi inayochekesha leo, lakini mstari mmoja wa herufi hauhitaji zaidi.

Utaratibu huu ulikuwa mzuri na ulikuwa na mtego wake. Maelezo yanasema poti namba tatu, na kinasa kinaamini. Fundi akibadilisha jozi mbili za nyaya kwenye fremu ya kuunganishia, sauti ya mnunuzi inatokea poti namba nne wakati maelezo yake yapo namba tatu. Kila kifaa ukikipima peke yake ni kizima. Hata hivyo anayemtafuta meneja anasalimiwa na sauti ya mtunza stoo, na oda ya mafuta inaangukia sanduku la mtu aliye likizo. Kwa maoni yangu hakuna hitilafu ya simu ya ofisini inayotia aibu kama hii, na dawa yake ni kupiga poti moja baada ya nyingine na kuandika kila sauti imetokea wapi.

Lugha ya tatu ilikuwa ya ujanja, na mimi huipenda kwa sababu hiyo. Watengenezaji wa PABX walianza kuuza simu za mezani za kidijitali zenye kioo, na kila mmoja akaificha lugha anayoitumia kuzungumza na simu zake. Watengenezaji wa vinasa wakatengeneza kadi inayojifanya simu ya mezani. PABX inadhani inaongea na simu ya sekretari, inaandika kwenye kioo kuwa simu hii imetoka 214, na kadi inayasoma maandishi hayo ya kioo ambacho hakipo. Ukaja mwaka ambao kampuni inaboresha programu ya PABX, maneno ya kwenye kioo yakasogea nafasi mbili kulia, na kinasa kikapofuka. Hakuna waya uliokatika wala kadi iliyoungua.

Siku hizi inatumika itifaki ya SIP, na simu yenyewe inasafiri kwa pakiti za data kama barua pepe. Mwaliko wa kuanzisha simu ni maandishi ya kawaida ambayo mtu anaweza kuyasoma kwa macho, na ndani yake kuna mstari unaotaja simu ilihamishwa kutoka namba ipi na kwa sababu gani. Taa nayo imegeuka maandishi. Kinasa kinaitumia simu ya ofisa taarifa fupi kuwa kuna ujumbe unaosubiri, mathalani mpya 2 na wa zamani 8. Utaratibu huo uliwekwa katika kiwango cha mwaka 2004. Kinasa kilichokuwa kabati lenye kadi za saketi kimekuwa programu ndani ya seva ndogo. Asterisk, aliyoianza Mark Spencer mwaka 1999, ni programu ya bure inayofanya kazi ya PABX na ya kinasa kwa pamoja, na kwa ofisi ya watu kumi na tano kompyuta ya kawaida inaitosha.

Hesabu ya kuhifadhi inaonyesha jinsi kabati lilivyokosa kazi. Sauti ya simu hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo baiti moja. Dakika moja ni baiti 480,000, na saa nzima ni megabaiti 28.8. Diski ya megabaiti 20 ingejaa kabla ya dakika 45, ndiyo maana vinasa vya zamani vilikuwa na vichakata vya kuibana sauti. Leo kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 64, inayouzwa kwenye duka la vifaa vya simu, inabeba zaidi ya saa 2,000 bila kubana chochote.

Lakini kubana hakujaisha, kumehamia njiani. Ofisi yenye intaneti finyu huchagua kodeki inayobana sauti kutoka kilobiti 64 kwa sekunde hadi 8. Kodeki hiyo imeundwa kwa ajili ya koo la binadamu, na milio miwili ya kitufe haifanani na koo. Inafika imepondeka. Mpigaji anaambiwa abonyeze 1 kwa mauzo, anabonyeza, anabonyeza tena, na mfumo unaendelea kumbembeleza abonyeze 1. Suluhisho ni kuzitoa tarakimu ndani ya sauti na kuzituma kama taarifa kando, na pande zote mbili lazima ziwekwe hivyo.

Mitambo iliyowekwa mipangilio ya Marekani inaleta balaa lake pia. Tanzania, kama nchi nyingi nje ya Marekani ya Kaskazini na Japani, husimba sauti kwa kanuni ya A, na Wamarekani hutumia kanuni ya mu. Ukizichanganya, sauti inatoka kavu na yenye mikwaruzo. Mapigo ya toni ya kukatika nayo hutofautiana nchi na nchi. Kinasa kisichoitambua toni ya hapa hakijui kuwa mpigaji ameshakata, kwa hiyo kinarekodi tuu-tuu-tuu mpaka muda wa ujumbe uishe, na asubuhi ofisa anakuta ujumbe saba wa aina hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa mitambo hawaligusi. Watanzania hawaachi ujumbe. Tumekuzwa na kubipu, na kubipu kunasimama juu ya kanuni moja ya uhandisi: salio halianzi kukatwa mpaka upande wa pili upokee. Kinasa kikipokea, kimepokea, na hela inaondoka wakati unasikiliza salamu. Mtu anakata haraka sana. Kisha WhatsApp ikaleta ujumbe wa sauti mwaka 2013, na humo tatizo letu lote la kifurushi kisicho na jina halipo, kwa sababu mpelekaji amemchagua mpokeaji kabla hajafungua mdomo. Kwa nini basi ofisi ya Utemini ijisumbue? Kwa sababu namba ya WhatsApp ya ofisa huondoka naye akihama kazi, na oda za wateja zinaondoka naye. Namba ya 026 ni ya kampuni. Ningeshauri tu salamu iwe ya sekunde tano, si hotuba ya kuwakaribisha watu kwenye familia yetu.

Singida ina neno lake katika haya yote. Mkoa umejaa matale, yale mawe makubwa yanayochomoza hata katikati ya makazi, na mwamba haupitishi umeme vizuri. Ethi ya mtambo wa simu inatakiwa iwe na ukinzani mdogo, mafundi hulenga omu chache tu, na fimbo moja iliyogongwa kwenye udongo mwembamba juu ya jiwe haifiki huko. Inabidi kuchimba shimo, kuweka mkaa na chumvi, kuunganisha fimbo kadhaa, na kupima tena mwezi wa Septemba udongo ukiwa umekauka. Radi ya msimu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba, ilikuwa inaingia ofisini kwa njia ya waya wa shaba wa simu na kuziunguza kadi za laini kwanza. Kuhamia faiba kumeziba mlango huo, maana kioo hakipitishi umeme, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita Singida. Milango iliyobaki ni waya wa Tanesco na kebo za mtandao zinazovuka uwanja kutoka ofisini hadi stoo. Hiyo ya stoo ningeifanya faiba pia.

Umeme wenyewe umebadilisha sura. PABX ya zamani ilikuwa na betri zake za volti 48, na Tanesco wakikata, simu ziliendelea. Simu za SIP hulishwa umeme kupitia kebo ya mtandao, bado karibu volti 48, lakini sasa unatoka kwenye swichi ya mtandao. Seva, swichi, ruta na kifaa cha faiba vyote vinahitaji UPS. Ukikisahau kimoja, kinasa kinabaki hai na hakuna simu inayokifikia.

Bado kuna swali moja ambalo fundi hawezi kulijibu peke yake. Ofisa wa 214 akienda likizo huelekeza simu zake kwa mwenzake wa 220. Mnunuzi anapiga 214, inaita 220, na 220 naye hapokei. Ujumbe uingie sanduku la nani? Mifumo mingi ya zamani ilibeba jina moja tu, la kwanza au la mwisho, kulingana na aliyeitengeneza. SIP inaweza kuibeba safari nzima, 214 kisha 220, na kinasa kinafuata kitakachoelekezwa. Ukichagua 214, oda inamsubiri mtu aliyeko kijijini mpaka arudi. Ukichagua 220, mnunuzi anasikia jina asilolijua na huenda akakata. Meneja achague na aandike kwenye karatasi, kisha fundi apige simu tatu kutoka nje: moja isipokelewe, moja ikute mtu anaongea, na moja ipite kwa wawili, na asitie saini ya kukabidhi mtambo mpaka zote tatu zimeangukia sanduku lililoandikwa.