Kitanda, Meza, Kiti na Taa

Katika Dominika ya 13 ya Mwaka A Kanisa hutusomea habari za mwanamke wa Shunemu aliyemkaribisha nabii Elisha (2 Fal 4:8-16). Mwanzoni alimpa chakula tu. Kisha, alipoona kwamba nabii hupita mara kwa mara, alishauriana na mumewe wamjengee chumba kidogo cha juu, na humo wamwekee vitu vinne: kitanda, meza, kiti na taa.

Tuangalie kwanza kwamba alishauriana na mumewe. Mara nyingi ugomvi juu ya mgeni huzuka kati ya wenyeji ambao hawakuambiana mapema, na mgeni huyasikia yote kupitia ukutani.

Kitanda ni pumziko. Yatosha shuka lililofuliwa na chandarua, kwa maana mbu wa malaria huuma usiku. Asiye na kitanda cha ziada atandike godoro au mkeka safi mahali pakavu, wala asione haya. Lakini tusimlaze mgeni pamoja na watoto wetu, hata akiwa ndugu wa karibu. Ukarimu hautuondolei wajibu wa kuwalinda watoto. Na penye baridi tuongeze blanketi, tusiingize jiko la mkaa chumbani, kwani hewa yake ya sumu haina harufu nayo huua watu wakiwa usingizini.

Meza ni chakula. Tumwulize mgeni kama kuna asichokula, au dawa anazotumia. Mwenye kisukari huweza kunywa chai yenye sukari nyingi kwa sababu tu anaona haya kuikataa. Tena tule naye kile tulicho nacho. Tukikopa ili kujionyesha, tutamhesabia mgeni deni letu.

Kiti ni kuketi naye. Martha alihangaika na kazi nyingi, lakini Maria aliketi akasikiliza (Lk 10:38-42). Mgeni aliyetoka mbali ana habari za kusimulia, pengine na mzigo moyoni.

Taa ni kumwondolea mashaka. Kabla ya giza tumwonyeshe choo kilipo, maji ya kuoga, jinsi mlango unavyofungwa, na mahali pa tochi. Asiyejua njia huvumilia haja yake hadi asubuhi, akiogopa kuwaamsha watu.

Hatusemi haya kama watu wasio na kosa. Mzee mmoja wa ukoo wetu alitoka kijijini akaja kwetu ili apimwe hospitali. Usiku wa tatu, mezani, mmoja wetu alitania: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tulicheka sote, na mzee naye alicheka. Alfajiri tulikuta shuka limekunjwa vizuri, naye amekwisha kwenda stendi bila kusubiri majibu yake. Tulimfuata, basi likawa limeondoka.

Methali ile tuliitumia vibaya. Jembe hupewa mtu wa nyumbani. Kumpa mgeni jembe ni kumwambia: sasa wewe ni mwenzetu, njoo tulime pamoja. Sisi tuliligeuza likawa fimbo ya kumfukuzia mgonjwa.

Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni aliyowaandikia watawa wake katika karne ya 6, sura ya 53, aliagiza kwamba wageni wapokewe kama Kristo mwenyewe. Lakini katika sura hiyohiyo alitaka pia pawepo vitanda vya kutosha vilivyotandikwa. Kanuni hiyo ndiyo wanayoifuata watawa wa Peramiho, walioanza utume wao huko mwaka 1898. Imani iliyo kweli hufika hadi kwenye shuka na blanketi.

Nanyi makatekista, ulizeni katika jumuiya ndogondogo ni nyumba zipi zinazopokea wagonjwa na wasafiri mara kwa mara. Familia hizo zisiachwe peke yao. Jirani mmoja aazime godoro, mwingine alete unga, wa tatu amsindikize mgonjwa hospitali. Hivyo mzigo wa nyumba moja utakuwa kazi ya jumuiya nzima.

Yule mama wa Shunemu hakumwuliza nabii ataondoka lini. Nasi tumwombe Mungu atujalie nyumba ambamo mgeni atalala bila hofu, akaamka bila haraka. Amina.