Lubumbashi: Studio ya chumbani na kompyuta inayokwamisha wimbo

Kurekodi wimbo Lubumbashi hakuhitaji tena kukodi studio kubwa ya katikati ya mji. Kompyuta mpakato, maikrofoni moja na hedifoni vinatosha kugeuza chumba cha kulala cha Katuba, Kenya au Ruashi kuwa mahali pa kazi.

Lakini wengi wanaoanza hukwama kabla hawajaimba hata ubeti mmoja. Sauti haiingii, au inaingia ikiwa imechelewa. Spika zinakwaruza, mngurumo haukomi, na umeme ukikatika kazi ya usiku mzima inapotea.

Hasara yake si ndogo. Mwimbaji aliyelipa nauli kutoka upande wa pili wa mji, mpiga gitaa aliyeazimwa kwa saa mbili, na sauti iliyokuwa nzuri siku hiyo tu havirudi kwa urahisi. Habari njema ni kwamba matatizo mengi kati ya haya hayatokani na ubovu wa mashine, na dawa yake haihitaji fedha nyingi.

Mji wenye historia ndefu ya kurekodi

Katanga ilirekodiwa mapema. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyeishi Afrika Kusini, alimrekodi Jean-Bosco Mwenda, maarufu Mwenda wa Bayeke, katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi. Wimbo wa gitaa wa Masanga uliotoka katika kazi hiyo ulisambaa mbali sana na Katanga, na mtindo wa Mwenda wa kupiga kwa kidole gumba na cha shahada ukawa somo kwa wapiga gitaa wa Afrika Mashariki na kwa wataalamu wa vyuo vikuu. Mwenda alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990.

Wakati ule mashine ya kurekodia ilikuwa mzigo wa kubebwa kwa gari, pamoja na jenereta yake. Mwanamuziki alipiga, kanda ikaondoka na mwenye mashine. Leo rekodi hizo zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954.

Kijana wa Kamalondo mwenye kompyuta yake ana kitu ambacho kizazi cha Mwenda hakikuwa nacho: kanda inabaki kwake. Ndiyo maana kujua kuipanga kompyuta hiyo, na kuitunza kazi iliyomo, ni jambo la haki na la mali, si la ufundi tu.

Programu gani?

FL Studio, ambayo hutumiwa sana na watengeneza biti barani Afrika, inatoka kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1997. Toleo lake la majaribio ni la bure na huruhusu kutoa wimbo uliokamilika. Lakini mradi uliohifadhiwa humo hauwezi kufunguliwa tena kwa ajili ya kuuendeleza mpaka leseni inunuliwe. Wengi huligundua hilo siku ya pili, wanaporudi kumalizia kazi.

Reaper hutoa siku 60 za majaribio bila kuzuia chochote, na leseni yake ya bei nafuu ni dola 60. Audacity ni ya bure kabisa na inatosha kwa kurekodi sauti na kuihariri, ingawa si rahisi kutengenezea biti.

Nakala zilizovunjwa, zinazopitishwa kwa flashi kutoka mkono hadi mkono, ni chanzo kikubwa cha virusi. Virusi hula nguvu ya kompyuta, na vingine hufunga mafaili yote. Anayeokoa dola 60 kwa njia hiyo anaweza kupoteza albamu nzima.

Kwa upande wa mashine, RAM ya GB 8 ni mwanzo mzuri. Kompyuta kuukuu yenye diski ngumu ya kuzunguka hupata uhai mpya ikiwekewa diski ya SSD. Mara nyingi badiliko hilo husaidia kuliko kununua kompyuta nyingine iliyotumika.

Sauti haiingii kabisa

Kwanza huangaliwa ruhusa. Windows ina sehemu ya faragha ambako maikrofoni inaweza kuwa imefungwa kwa programu zote. Ikiwa imefungwa, hakuna waya wala programu itakayosaidia.

Pili huangaliwa ndani ya programu yenyewe: je, imechagua kadi ya sauti ya nje, au bado inasikiliza maikrofoni ndogo iliyo juu ya kioo cha kompyuta? Rekodi nyingi zenye mwangwi na kelele za feni hutokana na kosa hilo.

Tatu ni aina ya maikrofoni. Maikrofoni za kondensa huhitaji umeme wa volti 48 unaotolewa na kadi ya sauti kwa kitufe maalumu. Kitufe kisipobonyezwa, maikrofoni hubaki kimya kama imekufa. Gitaa la umeme nalo lina tundu lake au swichi yake. Likichomekwa kwenye tundu lisilo lake, sauti hutoka nyembamba na dhaifu.

Sauti inachelewa

Mwimbaji anaimba neno, kisha analisikia kwenye hedifoni baada ya muda. Akijaribu kujifuata mwenyewe, anatoka nje ya mdundo. Kwa mpiga gitaa wa mtindo wa Katanga, ambaye gumba na kidole cha shahada hujibizana kwa haraka, kuchelewa huko kunaua wimbo.

Sababu ni kwamba kompyuta haishughulikii sauti tone kwa tone. Huikusanya kwenye ndoo ndogo iitwayo bafa, kisha huimwaga kwa pamoja. Ndoo ikiwa kubwa, kusubiri kunakuwa kurefu.

Hesabu yake ni rahisi. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1,024 ni kuchelewa kwa takriban milisekunde 23 kwa kuingia peke yake, na kutoka huongeza nyingine. Bafa ya 128 ni milisekunde 3 hivi. Kwa kulinganisha, sauti ya spika iliyo umbali wa mita tatu na nusu hufika sikioni baada ya milisekunde 10, na mwanamuziki hasumbuki.

Kwa hiyo wakati wa kurekodi bafa huwekwa chini, kati ya 128 na 256. Wakati wa kuchanganya sauti, ambapo hakuna anayeimba, hupandishwa hadi 1,024 ili kompyuta ipumue.

Kwenye Windows, hilo huwezekana vizuri kwa draiva za mfumo wa ASIO, uliotengenezwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani. Kadi za sauti huja na draiva yake, na ni vyema kuichukua kwenye tovuti ya mtengenezaji. Asiye na kadi ya nje anaweza kutumia ASIO4ALL, ya bure, akijua kwamba ikishika kadi ya sauti, programu nyingine kama kivinjari zinaweza kukosa sauti.

Kadi nyingi pia zina kitufe cha kumrudishia mwimbaji sauti yake moja kwa moja kabla haijapita kwenye kompyuta. Hapo kuchelewa hakusikiki kabisa. Kinyume chake, hedifoni za Bluetooth hazifai kurekodia. Huchelewesha sauti kwa milisekunde 100 au zaidi, na hakuna mpangilio wa bafa utakaoziponya.

Mikwaruzo na kukatika

Bafa ikishushwa mno, kompyuta dhaifu inashindwa kuijaza kwa wakati, na sauti inakatika kama redio yenye betri zilizokwisha. Kabla ya kuilaumu programu, kuna mambo ya kupunguza mzigo: kuzima Wi-Fi na Bluetooth, kufunga kivinjari, kusimamisha masasisho ya Windows, na kuweka mpango wa umeme kwenye utendaji wa juu. Ni vizuri pia kuizuia Windows isizime matundu ya USB ili kuokoa nishati, maana kadi ya sauti ikilala katikati ya kiitikio rekodi inakufa.

Kiangazi cha Lubumbashi huleta adui mwingine: vumbi jekundu. Likiziba feni, kompyuta hupata joto, na kichakato hujipunguzia kasi chenyewe ili kisiungue. Mashine iliyofanya kazi vizuri asubuhi inaanza kukwaruza mchana. Kusafisha feni, na kuiweka kompyuta juu ya meza badala ya kitanda, ni dawa isiyo na gharama.

Kuna tatizo jingine linalowachanganya wengi: wimbo unacheza haraka na sauti imepanda. Hapo kasi za sampuli hazilingani. Kilichorekodiwa kwa 44,100 kikichezwa kwa 48,000 huenda mbio kwa karibu asilimia 9. Kadi, programu na mradi vyote vinapaswa kuwa na namba moja.

Mngurumo na umeme

Umeme wa shirika la taifa SNEL ni wa hezi 50, na mngurumo mzito unaosikika chini ya rekodi nyingi ni wa hezi hizo pamoja na zile za juu yake, 100 na 150. Kipimo cha haraka ni kuchomoa chaja na kuiacha kompyuta itumie betri yake. Mngurumo ukipotea, tatizo ni chaja au nyaya za nyumba, na suluhisho la bure ni kurekodi sauti kwa betri na kuchaji wakati wa mapumziko. Kukata pini ya tatu ya plagi, kama wengine wanavyofanya, huondoa kinga dhidi ya kupigwa na umeme. Waya wa maikrofoni hauna thamani ya maisha ya mtu.

Kukatika kwa umeme ni jambo la kila siku. Katanga ina mabwawa yake, kama Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke, yaliyojengwa enzi za ukoloni, na hupokea pia umeme wa Inga kwa njia ya waya yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700. Lakini migodi inahitaji sehemu kubwa ya nguvu hiyo, na mitaa ya raia huishi kwa mgao.

Jenereta ndogo hupiga kelele na umeme wake hupanda na kushuka. Betri na inveta ni kimya. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, hutoa wati-saa 600. Kompyuta na vifaa vyake vikila wati 80, hizo ni saa sita hivi za kazi baada ya kutoa upotevu wa inveta. Ni vyema inveta iwe ya wimbi safi, kwa sababu zile za bei ya chini hutoa umeme wenye ncha ambao husikika kwenye maikrofoni.

Chumba chenyewe

Trei za mayai ukutani hazizuii kelele za jirani. Godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji, mablanketi mazito na kabati lililojaa nguo hufanya kazi zaidi, kwa sababu hunyonya mwangwi wa ukuta mtupu. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua juu ya bati huamua ratiba: asubuhi mara nyingi ni salama kuliko alasiri.

Kiwango cha sauti nacho kina kanuni yake. Vilele vikibaki kati ya desibeli 12 na 6 chini ya kikomo, kuna nafasi ya mwimbaji kupandisha hisia bila sauti kupasuka. Rekodi dogo ya biti 24 inaweza kukuzwa baadaye. Iliyopasuka haitengenezeki.

Kanda ikibaki nyumbani, itunzwe

Mstari mmoja wa sauti wa biti 24 huchukua karibu MB 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye mistari 20 ni takriban MB 640. Flashi ya GB 32 inaweza kubeba zaidi ya nyimbo 40 za namna hiyo, mistari yote ikiwa imetenganishwa.

Hata hivyo wengi hubaki na MP3 moja tu iliyotumwa kwa WhatsApp, huku mradi wenyewe ukiwa kwenye kompyuta moja ambayo inaweza kuibiwa, kuungua au kuuzwa. Siku redio, mtengeneza filamu au mwanamuziki mwingine anapoomba sauti pekee bila ala, hakuna cha kumpa.

Utaratibu unaofaa ni mfupi. Programu iwekwe ijihifadhi yenyewe kila dakika chache. Kila mwisho wa kazi, mistari yote itolewe kama mafaili ya WAV, ambayo yatafunguka kwa programu yoyote hata miaka mingi ijayo. Nakala moja ibaki kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje, ya tatu kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine. Faili liandikwe jina la wimbo, tarehe, na majina ya wote waliopiga na kuimba.

Majina hayo ndiyo yatakayohitajika wimbo utakapoandikishwa kwa SOCODA, shirika la Kongo linalosimamia haki za wasanii, na ndiyo yatakayomaliza ugomvi kuhusu nani alitunga kiitikio. Kuyaandika huchukua dakika mbili, na hufanyika vizuri zaidi wakati wote bado wako chumbani.