Mkia Wenye Mistari

Ndege ya upelelezi wa picha haina cha kujitetea ila mwendo. Mosquito za Kikosi cha 60 cha Jeshi la Anga la Afrika Kusini, zilizokuwa zikiruka kutoka San Severo nchini Italia mwaka 1944, hazikuwa na bunduki wala bomu. Zilikuwa ndege za mbao, injini mbili, na ndani watu wawili tu, rubani na mwongoza njia. Tumboni zilifungwa kamera. Kila ndege ilikwenda peke yake, mamia ya kilomita ndani ya anga ya adui, na filamu isiporudi safari nzima imepotea bure.

Mtu akitazama picha za ndege hizo, jicho linakimbilia mkiani, penye mistari ya mshazari, myekundu na myeupe. Vikosi vingi huchora nembo kwa fahari: tai, simba, upanga, na chini yake maneno ya Kilatini. Mistari hii ilitokana na hofu. Mosquito kwa mbali hufanana na ndege za Kijerumani zenye injini mbili, na marubani wa Marekani waliokuwa wakirusha ndege za Mustang waliwahi kuwashambulia wenzao hawa wakidhani wamekutana na adui. Ndege ya upelelezi kwa kawaida hupakwa rangi ya kuifanya ipotee angani. Hawa wa Kikosi cha 60 walikubali kuonekana, ili rafiki awatambue kabla hajafyatua risasi.

Adui naye hakukosekana. Tarehe 15 Agosti 1944, Kapteni Pienaar na mwongoza njia wake, Luteni Lockhart-Ross, walikutana kusini mwa Ujerumani na Messerschmitt 262, ndege ya jeti iliyowazidi mwendo kwa mbali. Iliwajia tena na tena. Wakahepa, wakashuka, wakavuka milima ya Alpi na ndege iliyojeruhiwa vibaya, wakafika San Severo wakiwa hai. Wote wawili walitunukiwa nishani.

Wachache hapa kwetu wanajua kwamba kikosi hiki kilizaliwa Nairobi, Desemba 1940. Majeshi ya Uingereza, wakiwemo askari wa KAR (King's African Rifles), yalikuwa yakijiandaa kuingia Somalia na Ethiopia kuwatoa Waitaliano, na ramani za nchi hizo zilikuwa haba. Kamanda hawezi kuvusha watu mto Juba kwa kukisia. Picha za angani ndizo zilizojaza pengo hilo. Baada ya vita kuhamia Afrika Kaskazini, kikosi nacho kikahamia huko, na kutoka huko kikavuka hadi Italia.

Hebu nieleze picha hizi zinavyosomwa, maana hapo ndipo penye uzito. Kamera hupiga mfululizo, kila picha ikirudia zaidi ya nusu ya eneo la iliyotangulia. Mfasiri wa picha huweka picha mbili jirani chini ya stereoskopu, kifaa chenye lenzi mbili na miguu mifupi, kila jicho likitazama picha yake. Mwanzoni unaona ukungu. Unasogeza karatasi kidogo, kidogo tena, na ghafla paa linainuka kutoka mezani, bomba la moshi linasimama, shimo linazama. Nimeona wanafunzi wakinyoosha kidole kugusa paa ambalo halipo. Lakini kuna mpaka. Kwa lenzi ya sentimita 91 na ndege ikiwa mita 8,000 juu, milimita moja ya picha ni karibu mita tisa za ardhi. Mtu mmoja ni chembe. Watu wengi wakiwa kwenye foleni huwa mstari mwembamba, na mstari mwembamba waweza kuwa kitu chochote.

Tarehe 4 Aprili 1944 Mosquito moja ya kikosi hiki ilitumwa kusini mwa Poland kupiga picha za kiwanda cha I.G. Farben huko Monowitz, kilichojengwa kutengeneza mpira na mafuta kutokana na makaa ya mawe. Wapiga picha wa angani huwasha kamera kabla ya kufika shabaha na kuizima baada ya kuipita, wasije wakakosa pembe yoyote. Kwa sababu hiyo filamu ilinasa pia kilichokuwa kilomita chache kutoka kiwandani: kambi ya Auschwitz.

Wafasiri wa picha katika kituo cha Medmenham, Uingereza, waliikagua filamu. Walihesabu matangi, wakapima majengo ya kiwanda, wakaandika ripoti. Hawakuwa wazembe. Waliulizwa habari za mafuta, wakajibu habari za mafuta. Siku tatu tu baada ya picha ile, wafungwa wawili, Rudolf Vrba na Alfred Wetzler, walijificha ndani ya eneo la kambi, kisha wakatoroka na kueleza kinagaubaga mauaji yaliyokuwa yakifanyika humo. Kufikia Juni maelezo yao yalikuwa yamefika nchi za Magharibi. Lakini hakuna aliyeyachukua akayaweka mezani kwa mfasiri, kando ya stereoskopu, akamwambia: tazama hapa. Hilo linaniuma kila ninapofundisha somo hili. Auschwitz waliuawa watu wapatao milioni 1.1, wengi wao Wayahudi.

Kikosi kilirudi huko tena na tena kwa ajili ya kiwanda. Filamu zikahifadhiwa Marekani, zikakaa kimya hadi mwaka 1978, Dino Brugioni na Robert Poirier, wachambuzi wa picha wa CIA, walipozifungua wakiwa na maelezo ya manusura mkononi. Mwaka uliofuata walichapisha walichokiona. Katika picha ya tarehe 25 Agosti 1944 kuna garimoshi limesimama Birkenau, sehemu ya kambi ya Auschwitz, na kutoka hapo mstari mwembamba unaelekea kwenye lango la jengo lenye chumba cha gesi. Lango liko wazi.

Pembezoni mwa picha hizo kuna ukanda wa maandishi, kama ilivyo desturi ya kazi hii: namba ya picha, namba ya safari, tarehe, na katikati yake tarakimu 60.