Ufaulu Ni wa Shule au wa Mtoto?

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila kutaja shule kumi bora wala watahiniwa walioongoza. Wazazi wengi walinung'unika. Orodha ile ilikuwa dira yao: shule ikitajwa, unajua pa kupeleka ada. Shule binafsi nazo zilikuwa zimezoea kuichapa kwenye mabango ya barabarani, pembeni mwa picha za watoto waliovaa majoho. Mimi niliuona uamuzi ule una mantiki, kwa sababu orodha haikuwahi kujibu swali linalomsumbua mzazi wa mtoto wa miaka sita.

Swali lenyewe ni hili: mwanangu huyuhuyu, akisoma Inglishi midiamu, atajua nini ambacho asingekijua akisoma Kayumba, yaani shule ya serikali? Orodha hujibu jingine kabisa: watoto waliofika mwisho katika shule fulani walipata alama gani. Watafiti wa elimu wamehangaika miaka mingi na tofauti kati ya maswali hayo mawili.

Kinachoyatenganisha ni uteuzi. Mzazi anayeweza kulipa ada ya shule binafsi mara nyingi amesoma, nyumbani kwake kuna umeme wa uhakika na vitabu viwili vitatu, na mtoto huondoka asubuhi akiwa amekunywa chai. Mtoto wa namna hiyo angewapita wengi hata angesomea chini ya mwembe. Shule nyingi zenyewe huongeza ungo wao. Kuna usaili wa kuingia darasa la kwanza (usaili, kwa mtoto ambaye bado anang'oka meno!), kisha kuna wastani wa kuvukia darasa, na asiyeufikia hurudia au mzazi wake huombwa kwa upole amtafutie shule nyingine. Serikali imekemea mchujo huu mara kadhaa, na bado upo. Kuisifu shule kwa alama za waliobaki hadi darasa la saba ni sawa na mkulima aliyechambua mbegu nono, halafu wakati wa mavuno akalisifu jembe.

Ili kujua shule yenyewe imeongeza nini, inabidi upate watoto wanaofanana, wengine waende huku na wengine kule, bila mzazi wala mwalimu mkuu kuchagua. Njia safi kuliko zote ni kura.

Katika jimbo la Andhra Pradesh, India, jambo hilo lilifanyika. Familia za vijijini zilizotaka shule binafsi ziliomba vocha, na kwa kuwa hazikutosha, washindi wakapatikana kwa kura. Wachumi Karthik Muralidharan na Venkatesh Sundararaman waliwafuatilia watoto kwa miaka minne na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Katika Kitelugu, ambayo ndiyo lugha ya nyumbani, na katika hesabu, walioshinda kura hawakuwapita walioikosa. Walichowazidi ni Kihindi, somo ambalo shule binafsi zililipa muda. Hata hivyo shule hizo zilitumia takriban theluthi moja tu ya fedha ambazo serikali ilitumia kwa kila mtoto. Kwa mlipa kodi hiyo ni habari kubwa. Mzazi aliyetarajia mtoto wake ang'are hakupata alichokifuata.

Ningeishia hapo, makala ingekuwa fupi na ya uongo. Kenya nayo ilikuwa na kura yake, ya nafasi za ufadhili katika shule za bei nafuu za Bridge, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 na Guthrie Gray-Lobe, Michael Kremer na wenzao yanakwenda kinyume. Baada ya miaka miwili, watoto wa msingi walikuwa wamewatangulia wenzao kwa kiasi kinacholingana na mwaka 0.89 wa masomo. Kwa watoto wa awali pengo lilikuwa mwaka 1.48. Katika utafiti wa elimu, tofauti ya ukubwa huo haionekani mara nyingi.

Tofauti hiyo haikutokana na walimu wenye vyeti vikubwa, wala mishahara minono. Walimu wale walilipwa kidogo kuliko wa serikali. Kila mwalimu alikuwa na kishikwambi chenye somo la siku limeandikwa hatua kwa hatua, na uongozi ulifuatilia kama yupo darasani na amefika wapi. Mimi binafsi namna hiyo ya kufundisha hainivutii, mwalimu kusoma maagizo kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Lakini watoto walijifunza, na ladha yangu haibadilishi takwimu.

Ukiziweka kura hizo mbili pamoja, utaona kwamba "binafsi" haielezi kinachofanyika ndani ya darasa. Inaeleza nani analipa. Na hata sifa kubwa ya shule inaweza kuwa ganda tupu: mwaka 2014 Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichunguza shule za sekondari za kitaifa za Kenya, zile ambazo mtoto akichaguliwa kijiji kizima husherehekea. Waliwalinganisha waliopenya kwa alama chache na waliokosa kwa alama chache, watoto ambao kwa kweli walikuwa sawa. Miaka minne baadaye, faida ya kupenya katika alama za mtihani wa mwisho ilikuwa ndogo mno kuonekana.

Kwa hiyo tuingie darasani. Utafiti uliofanyika Kenya mwaka 2012 ulipima muda ambao mtoto anafundishwa kweli, si ule ulioandikwa kwenye ratiba. Katika shule za serikali ulikuwa takriban saa 2 na dakika 20 kwa siku. Katika shule binafsi ulikaribia saa 3 na nusu. Tanzania, mwaka 2014, shule za msingi zilikuwa zikitoa chini ya saa 3 wakati ratiba ilitaka karibu 6. Walimu wengi hawakuwa watoro wa shule. Walikuwapo, ila ofisini, chini ya mti wakisahihisha madaftari, au kwenye kikao. Hapo ndipo ada inapoweza kununua kitu: mwenye shule anaweza kumwondoa mwalimu asiyeingia darasani, na mwalimu analijua hilo.

Je, msongamano? Hilo ndilo jambo la kwanza mzazi analotaja, na haki yake. Tangu ada ya msingi ifutwe kuna madarasa ya mijini yenye watoto zaidi ya mia. Lakini hata hapa ushahidi una kona. Magharibi mwa Kenya, kuanzia mwaka 2005, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer walizipa shule kadhaa mwalimu wa ziada, darasa likashuka kutoka wastani wa watoto 82 hadi 44. Waliobaki na mwalimu wao wa kawaida hawakupanda kwa kiasi cha kuonekana. Waliopanda ni waliofundishwa na mwalimu wa mkataba, aliyejua kwamba mkataba wake ungefanyiwa tathmini. Tanzania nayo ilitoa somo linalofanana. Katika majaribio ya KiuFunza kwenye shule 350 za msingi, mwaka 2013 na 2014, kuzipa shule shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi hakukubadili alama. Fedha hizo zilipoambatana na zawadi kwa walimu kwa kila mtoto aliyemudu kusoma na kuhesabu, alama zilipanda.

Lugha ndiyo sehemu ngumu zaidi, na hapa mzazi wa Kitanzania yuko njia panda kwelikweli. Sekondari yetu inafundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo anayempeleka mtoto Inglishi midiamu hajakurupuka. Anaona ukuta ulio mbele na anataka mwanawe apewe ngazi mapema. Swali ni kama ngazi yenyewe inafika. Nchini Afrika Kusini, Stephen Taylor na Marisa von Fintel walionyesha mwaka 2016 kwamba watoto waliofundishwa kwa lugha ya nyumbani katika miaka mitatu ya kwanza walikuja kufanya vizuri zaidi katika Kiingereza chenyewe, darasa la nne hadi la sita, kuliko walioanza nacho moja kwa moja. Nigeria ilikuwa imepata fununu hiyo mapema, kwenye mradi wa Ife ulioanza 1970, ambapo watoto walifundishwa kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi huku Kiingereza kikifundishwa kama somo na mwalimu aliyekijua.

Sababu si muujiza. Anayejifunza kusoma anaunganisha herufi na sauti, kisha sauti na neno ambalo tayari analijua. Neno lisipokuwamo kichwani, hatua ya pili haipo. Mtoto atatamka ukurasa mzima kwa lafudhi ya kupendeza, wageni wapige makofi sebuleni, na ukimuuliza paka alikwenda wapi akutazame tu. Kiswahili, ambacho silabi zake hutamkwa zinavyoandikwa, ni lugha rahisi mno ya kuanzia kusoma. Ningekuwa na shule mbili zilizolingana kwa mengine, moja ya Kiswahili yenye mwalimu hodari wa somo la Kiingereza, nyingine ya Kiingereza chote chenye kuchechemea, nisingesita.

Kuna gharama nyingine ambayo haimo kwenye stakabadhi ya ada. Madaktari wa usingizi wa Marekani walikubaliana mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Dar es Salaam gari la shule hupita mitaa ya mbali saa kumi na moja alfajiri. Mtoto aliyelala saa tatu usiku na kuamshwa saa kumi na nusu amepata saa saba na nusu, na anaumalizia usingizi kwenye somo la kwanza. Shule ya jirani ina faida ambayo bango halitangazi. Bweni, kwa wadogo, si suluhisho: mwaka 2023 serikali ililizuia kwa watoto wa awali hadi darasa la nne.

Ukienda kuitazama shule, basi, usianze na maabara ya kompyuta. Omba kumwona mwalimu wa darasa la kwanza, na uende siku ya kawaida, saa nne asubuhi, uhesabu ni madarasa mangapi yana mwalimu ndani. Uliza wangapi walianza darasa la kwanza na wangapi kati yao wako la saba leo, na waliobaki wako wapi. Na akishaanza, popote utakapompeleka, mpime mwenyewe kama wapimaji wa mradi wa Uwezo walivyofanya majumbani kuanzia 2010: silabi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili yenye maswali mawili. Fanya hivyo Machi, urudie Novemba kwa hadithi nyingine. Kama Machi aliishia kwenye maneno na Novemba bado yuko kwenye maneno, nenda ukazungumze na mwalimu wake kabla hujalipa muhula unaofuata.