Mbwa Koko Ana Mwenyewe

Lugha yetu humwita mbwa asiye na kwao mbwa koko, na paka aliyegeuka wa porini paka shume. Nikiwa mwanaisimu, nayashuku majina haya: yanatusahaulisha kwamba wanyama hao, au wazazi wao, tuliwafuga na kuwatupa sisi wenyewe.

Mjini Voi, jirani na Mbuga ya Tsavo Mashariki, usahaulifu huo una gharama. Kichaa cha mbwa kikishamdhihirikia binadamu, ni nadra apone. Wanyamapori nao hawasalimiki: mwaka 1994 distempa, maradhi ya mbwa, iliangamiza takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, Tanzania.

Wapo wadhaniao kuwa sumu ndiyo dawa. La hasha! Mbwa wakiuawa, wengine wasiochanjwa huingia mahali pao. Wakichanjwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia.

Basi anayejitolea kumnasa mbwa koko, akamchanja na kumhasi, asichekwe. Anamlinda mtoto aendaye shule alfajiri. Walimu, lifundisheni hili. Nanyi wanafunzi, mkiumwa na mbwa msifiche: osheni jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha kimbilieni hospitali.