Stima Ikipotea Msimu wa Baridi: Jinsi ya Kuwanusuru Samaki wa Tangini

Kati ya Juni na Agosti, baridi ya usiku huko Longonot, Mai Mahiu na viungani mwa Naivasha huwafanya wengi wafunge madirisha mapema. Huu pia ndio msimu ambao anayefuga samaki wa mapambo nyumbani, hotelini au shuleni anahitaji kujiandaa zaidi. Tangi la kioo huishi kwa umeme: pampu ya hewa, chujio na hita, vyote vimechomekwa ukutani. Stima ikipotea saa mbili usiku, vyote vitatu hunyamaza kwa pamoja.

Na stima hupotea. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima iliingia gizani, na maeneo mengi yakabaki hivyo hadi siku iliyofuata. Hali kama hiyo ilirudi Novemba na tena Desemba mwaka huohuo. Wakazi wa upande huu huuliza, na wana haki ya kuuliza, inakuwaje giza litande ilhali mvuke wa Olkaria unazalisha umeme hapa jirani. Jibu ni kwamba umeme wa Olkaria huingia kwanza kwenye gridi ya taifa. Gridi ikianguka, au nguzo ya mtaani ikiangushwa na upepo, ujirani na mtambo hausaidii kitu.

Hewa kwanza, baridi baadaye

Giza likiingia, wengi huwaza hita. Lakini katika saa za mwanzo, kinachowaua samaki wa tangini kwa kawaida ni kukosa oksijeni, si baridi. Maji hupokea hewa kupitia uso wake. Pampu na chujio vinapofanya kazi, uso huo hutikisika na maji ya chini hupanda juu kuchukua hewa. Vikizimika, maji hutulia, na samaki wengi waliojazwa kwenye tangi dogo huanza kuimaliza oksijeni iliyomo. Dalili ni rahisi kuiona hata kwa mwanga wa tochi: samaki hupanda juu, hukaa wima kidogo na kuhemahema midomo ikiwa usawa wa maji.

Longonot ina tatizo lake la ziada. Eneo hili liko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mahali palivyo juu ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Lita moja ya maji yasiyo ya chumvi yenye nyuzijoto 25 huko Mombasa yanaweza kushika takriban miligramu 8 za oksijeni. Hapa, kwa joto lilelile, ni kama miligramu 6 na nusu. Tangi ambalo lingeweza kubeba samaki ishirini Pwani bila wasiwasi huenda likawa limejaa kupita kiasi hapa, na kasoro hiyo hufichwa na pampu mpaka siku pampu itakapozimika. Anayepanga kununua tangi jipya angeanza na hesabu hiyo.

Kuna upande mmoja wa baridi unaosaidia. Maji yanayopoa polepole hushika oksijeni zaidi, na samaki aliyepoa huhitaji kidogo. Kwa hivyo kupungua kwa joto kutoka nyuzi 25 hadi 21 usiku kucha si jambo la kumtia mtu kiwewe.

Njia ya kuingiza hewa bila umeme inapatikana katika kila jikoni. Chota maji ya tangi kwa kikombe kikubwa au jagi safi, yainue kiasi cha urefu wa mkono na uyamwage tena ndani ya tangi taratibu. Fanya hivyo kwa dakika tano hadi kumi, kisha rudia kila baada ya nusu saa au saa moja kulingana na wingi wa samaki. Chombo hicho kisiwe kimeoshwa kwa sabuni, kwani hata mabaki kidogo ya sabuni ni sumu kwao. Aliye na pampu ndogo ya betri, au ile inayochomekwa kwenye pawabenki au kwenye betri ya sola ya taa za nyumbani, anaweza kulala. Wengine watalazimika kuamka kwa zamu.

Kuna jambo dogo ambalo limewaharibia wengi sakafu. Pampu ya hewa iliyo chini ya usawa wa maji ikizimika, maji yanaweza kurudi kupitia mpira wake na kumwagika hadi kwenye soketi. Weka pampu juu ya usawa wa maji, au toa mpira huo tangini mara umeme unapopotea. Chomoa pia hita. Hita ya kioo ikipata umeme ghafla ikiwa nje ya maji inaweza kupasuka.

Kuhifadhi joto

Si kila samaki anaogopa baridi. Samaki wa dhahabu na koi huvumilia maji ya nyuzi 10 bila shida, mradi joto lishuke polepole. Wenye asili ya joto, kama guppy, huanza kudhoofika maji yakiteremka chini ya nyuzi 18 kwa muda mrefu, na mara nyingi baada ya siku chache hushikwa na ugonjwa wa madoa meupe. Vifaranga vya tilapia ambavyo baadhi ya wafugaji huviweka kwenye matangi ya ndani kabla ya kuvipeleka bwawani navyo huacha kula maji yakipoa, na vikikaa kwenye maji ya nyuzi 11 au 12 huanza kufa.

Ukubwa wa tangi ndio unaoamua mengi. Tangi la lita 20 hupoa haraka kuliko la lita 100. Lizungushie blanketi, magunia makavu au katoni zilizokunjwa pande zote, hata chini ikiwezekana. Juu funika pia, lakini acha upenyo wa hewa. Mapema jioni liondoe kwenye dirisha au mlango unaopitisha upepo iwapo ni dogo na linabebeka. Tangi kubwa lenye maji lisisogezwe, kwa sababu kioo chake hupasuka.

Njia ya chupa za maji ya moto hufanya kazi, ila watu huitarajia zaidi ya uwezo wake. Chupa ya lita 1 yenye maji ya nyuzi 60 ikieleza kwenye tangi la lita 50 lenye nyuzi 20 hupandisha joto kwa chini kidogo ya nyuzi 1. Kwa hivyo tumia chupa mbili au tatu, uzibadilishe zikipoa, na upunguze kwanza maji kidogo ili tangi lisifurike. Usimwage maji ya moto moja kwa moja tangini. Joto likipanda zaidi ya nyuzi 2 kwa saa, samaki huumia zaidi kuliko ambavyo wangeumizwa na baridi.

Hapa pana hatari inayopita ile ya samaki. Jiko la makaa lisiingizwe kwenye chumba kilichofungwa kwa ajili ya kupasha tangi, wala kwa ajili ya kupasha watu. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi kuna familia nchini zinazopoteza watu waliolala na jiko ndani. Chemsha maji nje au kwenye jiko la gesi jikoni dirisha likiwa wazi, kisha beba chupa. Jenereta nayo ikae nje, mbali na madirisha.

Chakula, maji na chujio

Usiwalishe samaki wakati wote umeme ukiwa umepotea. Samaki mzima mwenye afya hukaa siku kadhaa bila chakula. Chakula kisicholiwa huoza, hula oksijeni na kuzalisha amonia.

Visima vingi vya eneo hili hutegemea pampu za umeme, hivyo mara nyingi maji hukatika pamoja na stima. Kuwa na jerikeni moja au mbili za maji safi ndani ya nyumba, yaliyokaa wazi kwa angalau saa 24 ikiwa ni ya mfereji yenye klorini. Yakikaa chumba kimoja na tangi, joto lake halitatofautiana sana.

Chujio husahaulika, nalo ndilo huua baada ya umeme kurudi. Ndani ya sponji yake kuna bakteria wanaosafisha amonia, nao pia huhitaji oksijeni. Wakikaa saa nyingi kwenye chujio lililofungwa hufa na kuoza, na umeme unaporudi uchafu huo husukumwa wote tangini kwa mpigo. Umeme ukichelewa kupita saa mbili hivi, toa sponji na uiache ielee ndani ya tangi. Kabla ya kuwasha chujio tena, mwaga maji yaliyolala ndani yake na usuuze sponji kwa maji ya tangi, si ya mfereji. Badilisha robo ya maji, na subiri hadi kesho yake ndipo uwape chakula kidogo.

Mfugaji aliyeshindwa kuwatunza samaki wake asiwaachilie Ziwa Naivasha wala Mto Malewa. Kamba wa Louisiana kutoka Marekani aliingizwa ziwani humo mwaka wa 1970, akala mimea ya majini kwa wingi, na hadi leo hajaondoka. Waliokufa wafukiwe.

Kukatika kwa umeme huripotiwa kwa Kenya Power kupitia nambari 97771 au kwa kubonyeza *977#. Wanaofuga vifaranga kwa biashara wanaweza kupata ushauri kwa maafisa wa uvuvi wa kaunti walio Naivasha.